Sabuni ya Nyumba Namba 118

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mvua iliyonyesha tangu alfajiri ilikuwa imekatika ghafla, na jua likatoka kali juu ya mtaa wa Ngagara, Bujumbura, hata mabati ya nyumba yakaanza kufuka mvuke. Milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, haikuonekana.

Saa hiyo ndipo Olga alipoingia ofisini mwa Himid bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita.

Himid alikuwa mkurugenzi wa utafiti katika taasisi ndogo yenye jina kubwa: Kituo cha Utafiti wa Sera za Kupunguza Umaskini. Kituo kilikaa katika nyumba ya zamani ya mtumishi wa serikali. Sebule ilikuwa chumba cha mikutano, na jiko lilikuwa ghala la madodoso. Kwa miaka kumi na mitano kilikuwa kikifuatilia kaya mia nne za vilima vya Kanyosha, kila baada ya miaka mitatu, kwa maswali yale yale sitini na mawili. Nusu ya kaya hizo zilipewa mbuzi, mbegu na posho. Nusu ya pili hazikupewa kitu ila maswali, ili tofauti ionekane. Ripoti ya mwisho ilipaswa kutiwa saini Ijumaa. Serikali za nchi kadhaa, za karibu na za mbali, zilikuwa zikiisubiri, na zilikwisha kuahidi kuiga lolote litakalodhihirika kuwafaa maskini.

"Direkteri," alisema Olga, mtakwimu wa kituo, "nyumba namba mia na kumi na nane. Kuna kitu."

"Kosa?"

"Apana. Ndiyo shida yenyewe. Hakuna kosa hata moja."

Alimwekea faili mezani. Katika kila kaya, alieleza, kulikuwa na mapengo. Watu husafiri, hugoma, husahau umri wa mtoto, hufukuza karani kwa sababu wana msiba. Nyumba namba 118 ilikuwa imejibu maswali yote, awamu zote sita, bila pengo. Ndiyo maana waliiweka katika ukurasa wa kwanza wa ripoti: mama mmoja wa Kanyosha, asiyesaidiwa na mtu, awe kielelezo cha wale wote ambao dunia huwauliza hali bila kuwapa kitu.

"Mutu gani hakosekanake nyumbani hata siku moja?" Olga aliuliza. "Mimi mwenyewe nikijiuliza maswali haya, mengine nitajikatalia. Na soma hapa mwisho."

Swali la sitini na mbili ndilo pekee lisilokuwa na visanduku vya kuchagua. Liliuliza: Je, una lolote la kutuambia? Mwaka 2009 jibu lilikuwa "Hapana." Lakini katika awamu tano zilizofuata, kwa miandiko ya makarani watano tofauti, jibu lilikuwa moja, neno kwa neno: "Aliyekuja mara ya kwanza ana deni langu. Sabuni, kipande kimoja. Chumvi, kilo moja."

Olga alicheka. "Mama huyu hasahau! Tumutafute huyo mwizi wa sabuni, tumunyoe."

Himid hakucheka. Alimwomba aiache faili. Mlango ulipofungwa, aliutazama mkono wake wa kushoto, akakuta dole gumba limejificha ndani ya kiganja bila yeye kuliamuru.

Himid alikuwa mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa asili ya Omani wenye duka la vitambaa katika mtaa wa Jabe. Akiwa na miaka kumi na miwili walimpeleka shule ya bweni milimani, shule ya kengele ya saa kumi na moja na maji ya baridi, na akatoka huko na vitu viwili. Cha kwanza ni kovu la panga lililokata dole gumba la kushoto kutoka pembe hadi pembe, alilolipata akifyeka nyasi za adhabu. Cha pili ni imani kwamba thamani ya mtu ni kile anachokifanya pale asipokuwapo msimamizi. Imani hiyo aliwahubiria makarani wake mwaka hadi mwaka. Kwa imani hiyo alimfukuza kazi karani mmoja, Bonfils, mwenye watoto wanne, kwa kujaza kurasa mbili za dodoso akiwa ameketi kwenye baa. Bonfils alilia. Himid alimwandikia barua ya mistari mitatu.

Na sasa ilimpasa akumbuke Aprili 2009.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa muda, amekabidhiwa nyumba ishirini. Kumi na tisa alizifikia kwa miguu yake. Ya ishirini ilikuwa ng'ambo ya korongo, na siku hiyo korongo lilikuwa limejaa maji mekundu. Sheria ilimtaka arudi mara tatu, na akishindwa, aandike kuwa ameshindwa. Hakuwahi kushindwa kitu maishani. Aliketi kwenye kibanda, akaagiza chai na mandazi, akaijenga nyumba kwa kalamu. Jina la mama mwenye nyumba alilikopa kwa mpishi wa shuleni aliyekuwa akiwapakulia maharage: Léocadie. Mjane. Watoto watatu. Bati, mlango wa buluu, mbuzi wawili, ndoo mbili, vyumba viwili.

Alipofika swali la thelathini na nne alisita. Liliuliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyefariki. Wasimamizi walikuwa wamewaonya: karani atakayeleta madodoso ishirini yasiyokuwa na kifo hata kimoja atatiliwa shaka, maana kwa hesabu ya vilima vile lazima wawepo waliokufa. Kumi na tisa zake hazikuwa na kifo. Himid alipiga funda la chai, akaandika: Ndiyo. Wa kike. Miaka minne. Homa.

Kila nyumba ilikuwa na haki ya shukrani: kipande cha sabuni na kilo ya chumvi, vikipokewa kwa alama ya kidole kwenye hati ya mapokezi. Alilichovya dole gumba lake la kushoto kwenye wino, akalikandamiza mahali pa Léocadie. Sabuni na chumvi alimpelekea mama yake Jabe, naye akamwombea dua.

Mchana ule alimwita Namegabe, karani aliyeizuru nyumba hiyo mwezi uliotangulia. Namegabe alikuwa mtu wa Bukavu, aliyekwisha kuishi Bujumbura miaka ishirini, na mzaha ndio uliomvusha mipaka yote.

"Muzee, kama unanifukuza sawa na Bonfils," alisema akiwa bado mlangoni, "unipatie kwanza chakula cha njiani."

"Keti. Ulifika nyumba namba mia na kumi na nane?"

"Nilifika, na hii miguu yangu. Mulango wa bulu, bati, mbuzi wawili. Mama akajibu yote, mbio mbio. Nikasema, laiti wote wangekuwa hivi!"

"Mama mwenyewe yukoje?"

"Yuko... muzee, ni mama tu."

"Mrefu? Mfupi? Mzee?"

Namegabe alitazama sakafu kama mtu anayetafuta sarafu iliyomponyoka. "Dodoso haiulizake hiyo," alisema hatimaye. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ila alinituma kwako. Alisema: ambia Himid anajua njia. Nikashangaa. Nikasema, hawa Waarabu wa Jabe wana wajomba mupaka mulimani!"

Jioni Olga alirudi akiwa na suluhisho. Ikiwa nyumba hiyo ilikuwa ikimsumbua mkurugenzi, wangeiondoa. Moja katika mia nne. Wastani usingetikisika, na ukurasa wa kwanza ungeandikwa upya kwa mama mwingine. "Nabonyeza hapa tu," alisema, "na hakuna mutu atajua ilikuwako."

Himid aliutazama ukurasa aliotakiwa kuutia saini. Nathibitisha kwamba kila kaya iliyotajwa humu ilizuriwa. Akitia saini, uongo wake wa chai na mandazi ungesafiri hadi kwenye meza za mawaziri. Akiifuta nyumba kimyakimya, angekuwa ameua mara ya pili ili kuficha mauaji ya kwanza. Neno hilo, mauaji, lilimjia lenyewe na halikutaka kuondoka. Na akisema kweli, jina lake, mali pekee aliyojivunia, lingekwisha.

"Usibonyeze kitu," alisema. "Kesho nakwenda."

Asubuhi ya Jumatano alipita sokoni Jabe akanunua kipande cha sabuni ya kufulia na kilo ya chumvi. Kutoka ghalani alitoa hati ya mapokezi ya mwaka 2009, iliyoliwa pembe na mende, pamoja na dodoso jipya lisiloandikwa. Ilipofika saa sita yeye na Namegabe walikuwa ukingoni mwa korongo. Magogo mawili yalikuwa yamelazwa kuwa daraja, na karibu yake mwanamke alikuwa akipalilia mihogo.

Himid alimwamkia kwa adabu na kumuuliza kama anawajua majirani zake wa ng'ambo.

"Ng'ambo? Huko hakuna mutu, baba," mwanamke alijibu, asiinue mgongo. "Ni watu wa biro ya mujini tu ndio wanapitaka. Wanaenda na makaratasi meupe, wanarudi yamejaa. Sisi tunasema, pengine wanahesabu majani."

Namegabe alijishika kiuno. "Muzee, mi nakungojea hapa. Mwezi jana sikuogopa kwa sababu sikujua."

Himid alivuka peke yake.

Nyumba ilikuwa pale, kamili, katikati ya mwanga wa adhuhuri. Kuta za matofali ya udongo. Bati. Mlango mmoja wa buluu, dirisha moja, mbuzi wawili. Ilimchukua muda kukitambua kilichomtia baridi. Hapakuwa na kingine. Hapakuwa na ufagio, wala kamba ya nguo, wala majivu, wala njia iliyokanyagwa kwenda chooni, ingawa choo kilikuwapo, kwa kuwa dodoso liliuliza habari za choo. Mbuzi hawakulia wala hawakutafuna. Hapakuwa na harufu yoyote. Mbele ya ukuta walisimama vijana watatu, kwa mpangilio wa jedwali, mkubwa kwanza: ishirini na nne, ishirini na mbili, kumi na saba.

Mama alisimama mlangoni. Himid alimtazama usoni, na uso ulikuwapo. Lakini kila alipoyahamisha macho hakubaki na chochote.

"Salama, mama? Mimi ni Himid."

Hakujibu. Alisubiri, kama asubirivyo mtu anayejua zamu yake haijafika. Himid aliwasalimu vijana, nao vilevile hawakujibu. Ndipo alipoelewa. Alitoa dodoso, akalilaza juu ya ubao, akasoma kwa sauti:

"Jina la mkuu wa kaya?"

"Léocadie," alisema mama papo hapo.

"Hali ya ndoa?"

"Mjane."

Wakaendelea. Alisoma kila swali kama alivyowafundisha wengine kusoma, bila kudokeza jibu, bila kuharakisha. Viti vingapi? Sifuri. Akabaki amesimama. Mnachota maji wapi? Mtoni. Mwendo wa dakika ngapi? Arobaini. Mnakula mara ngapi kwa siku? Mara moja. Jasho lilimtiririka hadi viatuni. Majibu yalikuwa ya kwake, aliyoyatunga akiwa ameshiba, na sasa yalimrudia moja moja kutoka kinywani mwa mtu aliyeyaishi.

Alipofika swali la thelathini na nne, jicho lake liliruka lenyewe hadi la thelathini na tano. Alilirudisha. Kuruka ndiko kulikomleta hapa.

"Katika kaya hii kuna mtu aliyefariki?"

"Ndiyo. Wa kike. Miaka mine. Homa."

Vijana watatu waliinamisha vichwa kwa pamoja.

Ilikuwa saa nane kasorobo alipofika mwisho. "Swali la sitini na mbili," alisema. "Je, una lolote la kutuambia?"

Mabega ya mama yalishuka. Alivuta pumzi kwa mara ya kwanza, ndefu, na aliposema, sauti haikuwa tena ya kusoma. Ilikuwa sauti ya mama yeyote wa vilima vile, aliyechoka.

"Ulikawia, we."

"Nilikawia, mama. Nisamehe."

"Mi sikukuita kwa kusamehe. Nilikuita kwa sabuni."

"Miaka kumi na mitano, kwa ajili ya kipande cha sabuni?"

"Uliandika mutoto amekufa. Ukakunja karatasi, ukamaliza chai yako, ukaenda. Mi nikabaki naye." Alikaribia hatua moja. "Kwenu Jabe munamuzika mutoto bila kumuosha?"

"Hapana."

"Basi hata huku apana."

Himid aliutazama mlango wa buluu, giza lililokuwa nyuma yake. "Yuko wapi?"

"Chumba cha pili. Wenzako wote waliuliza vyumba viko vingapi. Hakuna aliyeuliza ndani kuna nani."

Alitaka kusema maneno ambayo Waislamu huyasema penye kifo, na akayasema, kwa kunong'ona. Kisha akafungua mfuko. Sabuni ilipotoka karatasini, harufu yake ilienea uani, harufu ya kwanza mahali pale, na mbuzi wote wawili wakainua vichwa.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akapokea chumvi pia, akaipima uzito kiganjani. "Wanangu hawajui hata ladha yake," alisema. "Na kesho, utatufanya nini?"

"Nitaandika kwamba sikuja. Kwamba nyumba hii niliitunga."

"Tutatoka kwenye karatasi."

"Mtatoka."

"Kuna njia ingine." Alisema taratibu, akimtazama. "Kalamu si yako? Uniandikie mbuzi kumi. Uniandikie ng'ombe. Andika wanangu wamesoma, hata yule wa chumba cha pili andika homa ilipona. Mustari mumoja tu. Si munasema kazi yenu ni kutoa watu katika umaskini?"

Himid alihisi mkono ukiielekea kalamu. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu kwa haki kubwa kuliko hiyo. Alifikiria kengele ya alfajiri, na nyasi, na damu kwenye mpini wa panga, na barua ya Bonfils.

"Hapana, mama," alisema. "Nimekwisha kuandika mara moja nisichokiona. Sitaandika mara ya pili, hata kwa wema."

Mama alitikisa kichwa polepole. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kama tabasamu. "Nilikuwa nakupima tu. Nilitaka kujua kama shule ilikufunza kitu. Ngoja hapa. Usiandike mupaka tumuoshe."

Akaingia na sabuni. Vijana wakabeba zile ndoo mbili, wakamfuata mmoja mmoja, mkubwa kwanza, na mlango ukafungwa. Himid alisimama juani. Alisikia maji yakimwagwa, kidogo kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayejua mengine yako mwendo wa dakika arobaini. Alisikia kitambaa kikikamuliwa. Hakusikia kilio. Alijikuta akihesabu vikombe vya maji, kwa mazoea ya kazi, na akajikataza kuhesabu.

Mama alirudi peke yake, mikono imelowa hadi viwiko. Himid alimpa hati ya mwaka 2009 na kidau cha wino. Mama alichovya dole gumba lake la kushoto, akalikandamiza chini ya alama ya zamani, akamrudishia karatasi.

Alama zilikuwa mbili, moja imefifia na moja mbichi, na zote mbili zilikuwa na kovu lile lile, kutoka pembe hadi pembe.

"Nenda sasa," alisema mama. "Usigeuke nyuma, si kwa sababu ya uchawi. Ni kwa adabu. Tuna kuzika."

Himid hakugeuka. Namegabe alimpokea kwenye magogo, akamtazama uso, akameza mzaha aliokuwa ameuandaa.

"Uliikuta, muzee?"

"Niliikuta."

Alhamisi saa mbili asubuhi Olga alikuta ukurasa wa kwanza umeandikwa upya. Ulisema kwamba kaya namba 118 haikuzuriwa mwaka 2009. Kwamba dodoso lake lilijazwa na Himid, karani, kwenye kibanda cha chai. Kwamba alichukua sabuni na chumvi zisizokuwa zake. Na kwamba kaya za utafiti huu ni mia tatu tisini na tisa. Juu yake ilikuwa barua ya mistari mitatu ya kumwachisha kazi mkurugenzi wa utafiti. Olga aliitambua. Ilikuwa barua ya Bonfils, jina tu ndilo lililobadilishwa.

"Direkteri, si tungeifuta tu," alisema, na macho yalimlowa. "Na hizi awamu tano zingine? Namegabe alifika. Wote walifika. Niandike nini?"

"Andika walichokiona," alisema Himid. Alikuwa tayari amefunga vitabu vyake katika boksi.

Kitu cha mwisho alichokiambatisha kwenye ripoti ni ile hati iliyoliwa na mende. Karatasi ilikuwa bado na unyevunyevu pembeni, mahali mama alipoishika, na ilinukia sabuni. Aliisoma mara moja tena: sabuni, kipande kimoja, chumvi, kilo moja. Chini ya alama ya pili aliandika tarehe, 13 Machi 2024, na neno moja kwa wino mweusi: Limelipwa.